Nilipochoka na sindano za midomo

Kilichonichosha kwenye sindano za kunenepesha midomo ni kalenda. Maumivu mtu huyazoea, na uvimbe wa siku mbili tatu unafichika kwa barakoa. Lakini kujua kwamba kabla mwaka haujageuka utakuwa umerudi kwenye kiti kilekile, na ile krimu ya ganzi inayoufanya mdomo mzima uwe kama si wako, kulinifikisha mahali nikaanza kuuliza kama hakuna njia ya kulifanya jambo hili likaisha.

Kwa watu wengi, fila (ile jeli ya kujazia) ya asidi ya haialuroniki ikichomwa mdomoni hukaa miezi 6 hadi 12. Shavuni huchelewa zaidi kwisha. Madaktari husema ni kwa sababu mdomo hautulii: unaongea, unakula, unacheka, unabusu. Asidi yenyewe si mgeni mwilini. Imo kwenye ngozi, kwenye viungo, hata ndani ya jicho. Karl Meyer na John Palmer walipoigundua mwaka 1934 waliitoa kwenye macho ya ng'ombe. Ile ya asili mwili huivunja ndani ya siku chache tu, kwa hiyo watengenezaji wa fila hufunganisha nyuzi zake kwa kemikali ili iwe jeli nzito inayochelewa kuyeyuka. Anayelalamika kuhusu miezi 6, kama nilivyokuwa nalalamika mimi, angeiona enzi ya kolajeni ya ng'ombe iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981: ilihitaji kupimwa mzio kwanza kwenye ngozi ya mkono, kisha ikakaa miezi mitatu minne ikaondoka zake.

Nilikuwa na kisingizio kizuri cha pesa pia. Ukijumlisha miaka ya sindano, unaona ungeweza kulipia upasuaji na chenji ikabaki. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila nimejifunza kutoiamini sana, maana haihesabu gharama ya kurekebisha kitu kikienda kombo. Nitafika huko.

Ukitamka mbele ya watu kwamba unataka kitu cha kudumu, wa kwanza kukujibu ni wale wenye kitu cha kudumu mkononi. Dada aliyekuwa akinitengeneza nyusi, kwa nia njema kabisa, aliniambia anamjua mtu anayechoma silikoni ya maji. "Unachoma leo, unasahau," akasema. Nikalibeba hilo hadi kwa daktari wangu wa ngozi. Hakunikaripia. Aliweka kalamu chini, akanitazama.

"Dada, kabla hujaniuliza kitu kinakaa muda gani, niulize kwanza kinatokaje."

Tangu siku hiyo kila nilichoambiwa nilikipima kwa swali hilo, na silikoni ya maji ndiyo iliyoanza kuanguka. Haitoki. Ikishamwagika ndani ya nyama ya mdomo inajipenyeza, mwili unaizungushia tishu ngumu, na vinundu vinaweza kujitokeza hata baada ya miaka mingi, wakati mtu ameshasahau kweli kama alivyoahidiwa. Kuiondoa ni kukata, na huwezi kuikata bila kukata mdomo wenyewe. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha silikoni ya maji ichomwe kwa ajili ya urembo wa sehemu yoyote ya mwili. Na si hadithi mpya. Mwaka 1899 kule Vienna, daktari Robert Gersuny alianza kuchoma parafini mwilini ili kujaza palipopungua, wengine wakaigeuza kuwa dawa ya sura, na watu walifurahi mpaka ilipoanza kuhama na kufanya mafundo chini ya ngozi.

Kuna fila nyingine zenye chembe ndogo za plastiki ambazo mwili hauwezi kuzivunja. Moja iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa mikunjo inayoshuka kutoka puani kwenda pembe za mdomo, na midomo yenyewe haikuwamo kwenye idhini hiyo. Dokta alinieleza kwa nini: msuli wa mdomo unabana na kuachia kutwa nzima, chembe zinasukumwa zikakusanyika, na mkusanyiko huo ndio unaokuja kuushika kwa kidole ukiwa mgumu kama punje. Hapo nikaacha kabisa habari ya kuchoma kitu cha kudumu. Sitaki hata kujadiliana nayo.

Vipandikizi nilivifikiria kwa makini zaidi, kwa sababu rafiki yangu anavyo. Au niseme anacho, maana sasa kimebaki kimoja. Kipandikizi cha mdomo ni kama kijiti laini chembamba, kinene katikati na kuchongoka mwishoni. Daktari anakutia ganzi, anakata kidogo ndani ya pembe mbili za mdomo, anatoboa njia kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha anakivuta kipite humo. Vimegawanyika kwa unene na urefu. Vingine ni vya silikoni ngumu-laini ambayo haimwagiki hata ikikatwa. Vingine ni vya plastiki yenye vitundu, ya ukoo mmoja na Teflon, ambayo nyama huota ndani yake. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku ya kukitoa. Cha silikoni kinateleza kikatoka, kwa sababu mwili umekizungushia mfuko bila kukishika. Kile chenye vitundu kimeshikwa.

Rafiki yangu alichagua cha silikoni, juu na chini, na kwa muda alikuwa na midomo ambayo mimi niliitamani waziwazi. Kisha akaanza kuniambia mambo madogo. Akicheka sana anahisi kitu kinavutana. Akipita ulimi ndani anaijua ncha ilipo. Pembe moja ya juu ikaanza kuonekana kwenye picha, kadoti fulani hivi ambako mtu mwingine asingekajua lakini yeye hakukaacha kukatazama. Alirudi kwa daktari, akatiwa ganzi, cha juu kikatolewa kwa muda mfupi tu na mdomo ukarudi karibu na ulivyokuwa. Cha chini amekibakiza, anakipenda mpaka leo, na ukimwambia vipandikizi ni vibaya atakugombeza. Kwenye swali la kinatokaje, kusema kweli, kipandikizi kilipata alama nzuri. Ila daktari wangu aliushika mdomo wangu wa juu kwa vidole viwili, akaniambia ni mwembamba mno, kingo zingeonekana. Pia kipandikizi kinanenepesha mdomo ulivyo. Kama upande mmoja ni mdogo, utabaki mdogo.

Mafuta ya mwili wako mwenyewe ndiyo yanayosifiwa sana na watu wasiopenda kitu cha kiwandani. Yanavutwa tumboni au pajani kwa mrija mwembamba, yanasafishwa, yanachomwa mdomoni kidogo kidogo. Si jambo geni nalo: Gustav Neuber, daktari wa Ujerumani, alihamisha mafuta kutoka mkononi kwenda usoni mwaka 1893 ili kujaza kovu. Mafuta yanayopata damu ya kuyalisha yanaishi na kuwa sehemu ya mdomo. Yasiyopata yanafyonzwa. Ni kiasi gani kitabaki? Hakuna aliyeweza kuniahidi, na niliyemwona akiahidi nilimkimbia. Mdomo, kwa kule kutotulia kwake, huyashika vibaya kuliko shavu, kwa hiyo wengine hufanya mara ya pili. Inabidi kusubiri miezi 3 au zaidi kabla ya kusema imefanikiwa au la. Na mafuta yaliyoishi ni mafuta kweli. Mpasuaji mmoja alinitania: "Ukinenepa, na mdomo utanenepa." Yakizidi, hakuna dawa ya kuyayeyusha kama ilivyo kwa fila, ni kukata.

Rangi ya kuchanjwa midomoni sikuiweka kwenye mizani. Inaukolezea mdomo mpaka na kuufanya uonekane umejaa zaidi, na inakaa mwaka mmoja hadi mitatu hivi kabla ya kufifia, lakini haiongezi kitu. Kama unachotaka ni mpaka unaoonekana bila kupaka lipstiki kila asubuhi, huenda ukaishia hapo na ukaokoa mengi. Botoksi ya juu ya mdomo, ile inayolegeza msuli ili mdomo ujikunjue kidogo, hukaa miezi miwili mitatu tu, kwa hiyo kwangu mimi ilikuwa ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Sasa nije kwenye rula.

Daktari wa ngozi alinituma kwa mpasuaji wa uso, mzee mmoja mpole mwenye tabia ya kunyamaza kwanza. Alianza kwa kuniomba picha zangu za zamani, za nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, kabla sijagusa sindano. Nilikuwa nimemletea picha ya mtu mwingine kwenye simu, kama wafanyavyo wote. Hakuitazama. Akanikalisha wima, akaniambia nilegeze uso, nisitabasamu, niache midomo iachane yenyewe. Akapima kwa rula ndogo ya chuma kutoka chini ya pua hadi pale mdomo mwekundu unapoanza. Akapima tena. Kisha akanigeuza ubavu, akanipiga picha, akaniwekea hiyo na ile ya zamani kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, unaona mdomo umepungua. Mimi naona ngozi ya juu yake imeshuka."

Nikatazama vizuri. Kweli. Kwenye picha ya zamani meno ya mbele yalichungulia kidogo hata nikiwa nimetulia. Kwenye picha mpya hakuna jino. Nafasi kati ya pua na mdomo ilikuwa imerefuka, na mdomo mwekundu ulikuwa umejikunja ndani chini ya ngozi hiyo. Alinieleza kwamba hutokea kwa watu wengi kadiri miaka inavyokwenda: ngozi inapoteza ukakamavu wake, mfupa na meno yanayoishikilia kwa nyuma yanapungua nguvu, na sehemu hiyo inalegea kuteremka. Wengine huzaliwa nayo ndefu. Ukichoma fila kwenye mdomo wa namna hiyo, haina njia ya kupanda, inasukuma kwenda mbele. Ukiongeza, unaongeza uzito juu ya kitu kinachoning'inia. Ndiyo maana ya ule mdomo wa bata ambao watu wanaulaumu mkono wa daktari wakati mwingine bure.

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwenye kutafuta kitu cha kudumu aifikirie kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Mimi niliingia nikiuliza nijaze kwa nini ili isiyeyuke. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama nilihitaji kujaza. Fila ilikuwa inayeyuka, sawa, lakini hata siku ile ya kwanza ikiwa imejaa tele, haikuwa imenipa nilichokitaka. Ilinipa kitu kinachofanana nacho nikitazamwa kutoka mbele, kwenye mwanga mzuri. Kama ningepata kitu kama hicho kisichoyeyuka, ningekuwa nimekifanya cha milele kile kisichonifaa.

Alichopendekeza ni kuinua mdomo: kukata utepe mwembamba wa ngozi chini kabisa ya pua, kwa umbo linalofanana na pembe za ng'ombe, na kushona ngozi iliyobaki juu ili mdomo mwekundu ufunuke. Cardoso na Sperli waliueleza upasuaji huo mwaka 1971, na umeboreshwa tangu hapo. Hauongezi ujazo wowote. Unafupisha.

Hapo lile swali langu likanigeukia. Linatokaje? Halitoki. Ngozi iliyokatwa hairudishwi, na kovu litakuwepo maisha yote, chini ya pua, mahali ambapo kila anayezungumza nawe anapatazama. Kwa kipimo nilichokuwa nikijivunia, huu ndio uliokuwa chaguo baya kuliko yote, pengine sawa na ile silikoni. Nilikaa nalo kwa wiki kadhaa. Kilichonivusha ni kuona kwamba hatari zake zina mahali zinapoishia. Hakuna kitu kinachobaki ndani cha kuhama, kuota, au kuamka baada ya miaka kumi. Kuna mkono unaokata siku moja, na kuna ngozi inayopona kwa mwaka mmoja. Vyote viwili unaweza kuvichunguza kabla. Mkono unauchunguza kwa kuomba picha za wagonjwa wake mwaka mmoja baadaye, zenye kovu likiwa halijapakwa poda. Aliyekosa picha hizo ana za wiki ya pili tu, na wiki ya pili haisemi kitu.

Ngozi aliichunguza yeye. Alinishika masikio yote mawili akatazama matundu ya hereni nyuma na mbele, akaniuliza kuhusu kovu la chanjo begani, akaniuliza kuhusu ndugu zangu. Dada yangu ana keloidi sikioni, lile kovu linaloota na kuvimba kupita kidonda chenyewe, na nilipolisema hilo alinyamaza muda mrefu. Watu wenye ngozi nyeusi tuna uwezekano mkubwa zaidi wa kupata keloidi na makovu yanayokoza weusi. Katikati ya uso hazitokei mara nyingi kama masikioni au kifuani, na makovu yangu mwenyewe yalikuwa yamelala bapa, ndipo akakubali. Angekataa, ningeondoka na fila yangu bila kinyongo. Aliuliza pia kama navuta sigara, kwa sababu sigara inabana mishipa midogo na kidonda kinakosa damu; kama natumia aspirini; kama nina mimba; na kama huwa natokwa na vile vidonda vya malengelenge mdomoni. Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Virusi vya malengelenge hujificha kwenye neva, na kuchomwa au kukatwa mdomo kunaweza kuviamsha, kwa hiyo wenye historia hiyo hupewa dawa mapema. Hata kwa sindano ya fila ya kawaida inafaa kusema.

Kisha akataka fila yote iliyobaki iondoke. Nilimwambia imeshakwisha, muda umepita. Akatabasamu. Picha za MRI zimeonyesha kwa baadhi ya watu mabaki ya fila usoni miaka kadhaa baada ya kuchomwa; ile miezi inayotajwa ni muda ambao macho yanaona tofauti. Yangu ilikuwa imejikusanya juu kidogo ya mpaka wa mdomo, ikafanya kile kivuli kinachofanana na sharubu hafifu ambacho siku zote nilidhani ni mwanga. Huwezi kupima ngozi kwa milimita ikiwa chini yake kuna jeli.

Dawa ya kuiyeyusha ni kimeng'enya kinachoitwa haialuronidesi. Kabla ya kunichoma aliniuliza kama nikiumwa na nyuki navimba, kwa sababu sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo na mwenye mzio wa nyuki anaweza kupata mzio wa dawa. Inawasha na kuchoma kuliko fila yenyewe. Mdomo ulivimba jioni, na kesho yake ukawa umenywea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa nikauona mdomo wangu wenyewe. Sikuupenda, lakini nilimwelewa mzee na rula yake.

Na hapa ndipo nilipoipa fila heshima ambayo sikuwahi kuipa. Kuna ajali moja mbaya ya sindano za midomo: jeli kuingia au kubana mshipa wa damu. Ngozi inakuwa nyeupe ghafla au inatoka mabaka kama wavu, maumivu yanazidi kiasi, na ngozi ya pale inaweza kufa. Tiba yake ni hiyohiyo haialuronidesi, nyingi, na haraka. Fila isiyoyeyushwa na dawa hiyo haina tiba ya namna hiyo. Kwa hiyo anayeendelea na sindano za kila mwaka hajachagua kitu dhaifu, na mimi siwacheki tena. Ahakikishe tu kwamba anayemchoma ana dawa hiyo palepale kabatini, si "tunaagiza". Na zile kalamu zinazosukuma fila kwa shinikizo bila sindano, FDA ilionya watu wasizitumie mwezi Oktoba 2021.

Siku ya upasuaji aliniwekea alama nikiwa nimekaa, kwa sababu ukilala uso wote unarudi nyuma na vipimo vinadanganya. Tulibishana kidogo kuhusu milimita. Nilitaka akate zaidi. "Ukitaka nyingine, nitakuongezea baadaye," akasema. "Ukitaka kurudishiwa, sina." Ikikatwa mno, meno yanabaki nje na mdomo unashindwa kufunga vizuri. Nikakubali kiasi chake.

Ganzi ni kama ya daktari wa meno, ila chini ya pua inauma mpaka machozi yanatoka yenyewe. Baada ya hapo sikuhisi kitu zaidi ya kuvutwavutwa. Nilikuwa macho muda wote, nikisikia mkasi, na hiyo sauti sitajifanya niliizoea. Alishona tabaka mbili, ya chini ili ibebe uzito na ya juu ili ngozi ikutane bila kuvutwa. Wanaoshona ya juu tu, alisema, ndio makovu yao hupanuka.

Siku za mwanzo nilifanana na mtu aliyetoka kugombana. Pua imevimba, mdomo umepanda juu kupita kiasi, na nilikuwa nimekatazwa kucheka kwa kufungua mdomo, jambo ambalo ukikatazwa kila kitu kinachekesha. Nyuzi za nje zilitolewa ndani ya wiki moja. Tabasamu langu lilikuwa gumu kwa wiki kadhaa, kama la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na ganzi ya katikati ya mdomo ilichelewa kuondoka kuliko nilivyotarajia. Kovu lilikuwa jekundu, likakoza weusi, likaanza kufifia taratibu mno kiasi kwamba ukilitazama kila siku unaona halibadiliki. Nililipaka losheni ya kuzuia jua kila asubuhi na jeli ya silikoni usiku. Ndiyo, silikoni. Baada ya yote yale niliishia kuitumia, kwa nje.

Pembe za mdomo hazikupanda, na alikuwa ameniambia mapema. Upasuaji huu unainua katikati. Kwa baadhi ya watu tofauti hiyo inaonekana sana mpaka wanahitaji kuinuliwa pembe pia, na hilo ni kovu lingine mahali pagumu zaidi kulificha. Kwangu inaonekana kidogo, nikiwa nimechoka. Ujazo haukuongezeka hata chembe. Mdomo wangu wa juu bado ni mwembamba ukiupima, ila sasa unaonekana, na nikitabasamu haupotei. Mama yangu, ambaye sikuwa nimemwambia, alinitazama kwa muda akasema, "Mbona meno yako yananichungulia?" Sijui kama ilikuwa sifa.

Wanaoniuliza sasa huwa ninawaambia wakae wima, walegeze uso, wajipige picha ya ubavu. Wengi wao, hasa wadogo, nafasi yao kati ya pua na mdomo ni fupi tayari, na mpasuaji mwaminifu angewarudisha nyumbani. Binti mmoja wa miaka kumi na sita aliniuliza kipi kinadumu zaidi. Nikamwambia kwamba England tangu Oktoba 2021 ni kosa kisheria kumchoma fila ya urembo aliye chini ya miaka 18, na kwamba hata mimi sitamtajia jina la mtu. Alikasirika. Mdomo wa umri huo bado unakua pamoja na taya lake, na kitu cha kudumu kwenye uso usiotulia ni kitu cha kubahatisha.

Wangu nao haujaacha kuzeeka. Ngozi itaendelea kushuka, ila kutoka mahali pa juu zaidi, na nyama ya mdomo itaendelea kupungua kama ya kila mtu. Mzee alinipima mara ya mwisho, akaiandika namba kwenye faili, akasema huenda baada ya miaka nitataka nusu ya bomba la fila, mililita nusu, na kwamba safari hiyo itakaa pazuri kwa kuwa ina mahali pa kukaa. Bado sijaamua.

Rafiki yangu mwenye kipandikizi kimoja anafikiria kuweka mafuta kwenye mdomo wa juu. Nimempa namba ya mzee. Nimemwambia asipeleke picha ya mtu yeyote, apeleke zake za kabla hajaanza chochote, na asiende akiwa amepaka lipstiki, maana atafutishwa mlangoni.